Dakika Arobaini na Moja

Mutinda alinipigia simu Jumatatu asubuhi kunieleza kwamba babake amefariki, na kabla sijamaliza kusema pole akanipa kazi. "Auntie, tumekaa kama familia tukaona hiyo eulogy uandike wewe," alisema. "Si wewe na Baba ndio mlianzisha mambo ya kompyuta huku kwetu? Hakuna mtu anajua hiyo story kukushinda." Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Niliirudisha mekoni nikaketi. Nzioki amekufa. Mtu niliyembebea chuki kwa zaidi ya miaka thelathini amekufia kitandani mwake, watoto wamemzunguka, na mimi ndiye natakiwa kuandika wasifu wake wa mazishi, niseme kwamba alikuwa mtu wa watu. Nilimwambia Mutinda sawa, anitumie maelezo. Aliyatuma mchana, na mstari wa tatu ulisema hivi: "Ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza pande hizi, na ndiye aliyesimamia kuchimbwa kwa silanga linalotupa maji hadi leo." Silanga ni lile bwawa letu la kuchimba kwa mikono, na mikono iliyolichimba naijua. Niliusoma mstari huo mara nne. Nilikuwa nimejidanganya kwamba hasira yangu imezeeka pamoja nami, kumbe ilikuwa imekaa tu ikinisubiri. Nilimwaga chai, nikafungua dirisha, nikaanza kuongea peke yangu jikoni.

Mwaka ninaouzungumzia ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimetoka Matinyani na cheti cha kupiga taipureta nilichokipata Kitui mjini, na kiburi cha mtu anayeweza kuandika ukurasa mzima bila kutazama vidole. Kazi niliipata upande wa Makueni, katika kijiji kilicho mlimani juu ya soko la Tawa. Walioniita kuwaandikia barua zao walikuwa wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kazi ambacho leo kinalima kwa fulani, kesho kwa fulani, na kazi ya wote inafanywa na wote. Hawa wa mlimani walikuwa themanini na wanne, na kwa misimu mitatu ya kiangazi walikuwa wamechimba silanga kwa majembe. Walisimama mstari mmoja kutoka shimoni hadi ukingoni, karai la udongo likipita mkono kwa mkono, na kila mwanamke alikuwa na mahali pake katika mstari huo. Mwenyekiti wao, Mama Syombua, alinipa chumba nyuma ya nyumba yake. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye: magunia ya mbaazi yaliyopangwa hadi karibu na mabati, kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia rinda langu zuri. Ukuta kati yangu na jikoni haukufika juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Jioni walipokuja kuchambua mbaazi, nilisikia mmoja akisema, "Mzee wangu alirudi Krisimasi kutoka Mombasa, ati akauliza hii silanga serikali ilijenga lini." "Ukamwambia nini?" "Nikamwonyesha mikono." Walicheka mpaka sufuria ikafurika, kisha nikaitwa kula isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu mchana, na Mama Syombua akanipakulia zaidi kuliko nilivyoweza kumaliza.

Kompyuta ilikuja kwa sababu ya silanga hilo. Mgeni mmoja, mwanamke wa ng'ambo, alikuwa amekuja kutazama kazi yao akashangaa, na aliporudi kwao akatuma zawadi. Ilikuwa kompyuta ya kubebeka, ile ambayo leo watu wangeiita laptopu, ingawa ukiiweka mapajani ungehisi kama umempakata mtoto wa miaka miwili. Hata wakati ule ilikuwa nzee. Ofisi ya huyo mama ilikuwa imekwisha kuiacha, na mfumo wake, uliokuwa ukiitwa DOS, kwao ulikuwa umepitwa na wakati. Sisi hatukujua. Barua iliyokuja nayo ilisema wazi kwamba ni ya wanawake. Lakini wanawake hawakuwa na mlango wenye kufuli, na kanisa lilikuwa nao, kwa hiyo mashine iliwapita wanawake ikaenda kukaa katika ofisi ya kanisa, chini ya mkono wa katibu. Katibu ndiye Nzioki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa suti ya kaki iliyonyooshwa vizuri na kalamu tatu mfukoni, na alipenda kuzungumza na wanawake akiwa amewapa ubavu, kana kwamba kuna mtu wa maana zaidi anayemngoja upande wa pili.

Siku ya kuiwasha, mchungaji aliomba kwanza. Umeme haukuwa umefika mlimani, lakini mgeni alikuwa ametuma waya wenye vibano viwili vya kuuma betri ya gari, na betri iliazimwa. Nzioki alitia diski ndani, akabonyeza swichi, na mashine ikaanza kusaga na kukoroma hadi mama mmoja akarudi nyuma. Kisha maandishi yakatokea kwenye skrini ya rangi ya majivu, kwa Kiingereza, yakiuliza tarehe ya leo. Swali rahisi. Nzioki aliandika tarehe kama alivyofundisha watoto maisha yake yote, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Mashine ikakataa, ikauliza tena. Akaandika tena, pole pole, akitamka kila tarakimu. Ikakataa. Mara ya nne jasho lilikuwa limemtoka. "Hii kitu imeharibika kwa safari," alisema, akaizima, akaifunika kwa kitambaa cha kushona kwa sindano kilichotoka kwenye kiti cha mchungaji. Ilikaa chini ya kitambaa hicho wiki tatu. Watu waliokuja ofisini walikuwa wakionyeshwa kitambaa.

Niliomba kijitabu kilichokuja nayo. "Kitabu kitakusaidia nini?" Nzioki aliniuliza. "Hii si taipureta, Mbithe. Hii ni mambo ya science." Lakini alinipa, kwa sababu alikuwa hana haja nacho. Mchwa walikuwa wameshakula kurasa za mwanzo, zile hasa za kumfundisha mtu kuanza, na kwa hiyo nilianzia katikati, nimekaa kwenye ngazi ya Mama Syombua na kamusi ya shule. Siku ya tano niliona mfano mmoja wa tarehe na nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Walikotengeneza mashine ile, mwezi huandikwa kwanza. Tulikuwa tumeiambia kuna mwezi wa ishirini na tatu, na ilikuwa na haki ya kukataa. Nilienda ofisini, nikaandika mwezi, siku na mwaka, ikakubali bila neno. Ikabaki herufi moja, A, mshale mdogo, na kijistari kinachowaka na kuzima. "Sasa inangoja nini?" mchungaji aliuliza. "Inangoja tuseme tunataka nini," nilijibu. Mama Syombua, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Basi ni kama mzee wangu. Anakaa hapo tu mpaka umwambie." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania mbele ya mchungaji.

Miezi iliyofuata nilijifunza kila jioni baada ya shamba, kabla jua halijatua. Mashine ile haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Diski moja ilikuwa ya kuiamsha, ya pili ya kuandikia, na ukizichanganya ilikukaripia. Haikuwa na saa wala kalenda ndani yake pia. Kila ulipoizima ilisahau, na kila ulipoiamsha iliamini kwamba ni tarehe mosi Januari mwaka wa themanini, saa sita kamili usiku, na kama hukuisahihisha ilianza kuhesabu dakika kutoka hapo. Ndiyo maana iliuliza tarehe. Mimi niliandika tarehe na saa kila mara, kwa sababu chuoni tulipigwa marufuku kuanza barua bila tarehe. Nzioki, alipoanza kujifunza kwangu, hakuwa na subira hiyo. Alikuwa amegundua kwamba ukibonyeza tu kile kitufe kikubwa cha kuingia, mashine inaacha kuuliza. "Mwalimu, andika tarehe," nilikuwa nikimwambia. "Ya nini? Tarehe naijua," alikuwa akijibu. Nililicheka jibu hilo wakati ule.

Betri ilichajiwa Tawa, kwa fundi wa redio aliyekuwa na jenereta, na aliyeibeba kila Jumamosi alikuwa Kalekye. Alikuwa amenizidi kwa miaka kumi hivi, mwanamke mwenye watoto watatu asiyekuwa ameolewa, akiishi kwenye kipande cha shamba la kaka yake na kukumbushwa hilo kila siku. Aliifunga betri mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, vile vile anavyobeba maji, akashuka mlima saa moja na nusu na kuupanda tena. Maji makali ya betri yalimwagikia leso yake yakaitoboa tundu la ukubwa wa kiganja. "Hii mtoto yenu inakojoa moto," aliniambia akiweka betri sakafuni, tukacheka. Leso ile aliendelea kuivaa, tundu likiwa upande wa mgongo. Nalitaja hili kwa sababu stima yote iliyotumika kufanya yaliyofanywa ilipanda mlima ule kwa kichwa cha Kalekye.

Yaliyofanywa ni haya. Mwaka huo ofisi ya maji ilituma habari kwamba itavuta mabomba kutoka silanga hadi majumbani, na kila mwanamke aliyelichimba atapata mfereji wa bomba mlangoni pake. Walitaka orodha. Orodha ilikuwepo. Mama Syombua alikuwa na daftari la mahudhurio, lililofunikwa kwa gazeti, lenye jina la kila mwanamke na alama ya kila siku aliyosimama kwenye mstari. Nililichukua nikaingiza majina yote themanini na manne kwenye mashine, nikayakagua mara mbili, na nilikuwa na furaha ya kijinga. Nzioki alikaa kando yangu akitazama. Aliniuliza, mtu akikosea jina zima anafanyaje, na mimi, mwalimu mzuri, nikamwonyesha. Vidole viwili tu, na mstari mzima unaondoka, na wa chini unapanda kuziba mahali pake. "Na haionekani?" aliuliza. "Haionekani kabisa," nilisema kwa majivuno. "Si kama taipureta, hakuna kukwaruza." Alirudia mwenyewe mara tatu mpaka akaweza.

Wiki hiyo mvua ilinyesha. Kuni zilikuwa zimelowa, isyo haijaiva, na mimi nilikuwa zamu ya jikoni. Nililiona daftari kwenye rafu, nikalichana kurasa, nikawashia moto. Mama Syombua aliingia akiwa na ndoo, akasimama. "Hiyo si ya mwethya?" "Imeingia kwenye mashine, Mwaitu," nilimwambia, kwa maana nilimwita mama kama binti zake walivyomwita. "Hii karatasi haina kazi tena." Alitazama moto kidogo, akaweka ndoo chini, akaanza kumenya viazi. Hakubisha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesoma. Nimemsamehe Nzioki mara kadhaa katika maisha yangu, hasa kanisani, na kila mara haikudumu hata hadi Jumanne, lakini kwa zile kurasa sijawahi kujaribu kujisamehe.

Nzioki alichukua diski akaenda nayo Machakos ikachapishwe, na Jumapili iliyofuata akasimama baada ya mahubiri kuisoma orodha. Nilikuwa nimeketi karibu na mbele, nimevaa rinda langu zuri, nikingoja watu wasikie kazi yangu. Alisoma majina kumi, na la kumi na moja sikulijua. Nikadhani nimesikia vibaya. Kisha likaja jina la mke wa mzee wa kanisa, mama aliyekuwa akipita kando ya silanga na mwavuli wakati wenzake wako shimoni. Kisha dadake Nzioki, aliyekuwa akiishi Machakos. Alipomaliza walikuwa bado themanini na wanne, lakini kumi na tisa walikuwa wameondoka na kumi na tisa wengine wamekaa mahali pao. Walioondoka walikuwa wajane, na wasioolewa, na wale waliokuwa wamehamia kanisa la ng'ambo ya bonde. Aliwachagua vizuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwanamume wa kusimama kumsemea mle kanisani. Kalekye alikuwa amekaa nyuma na watoto wake, na nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida, "Na mimi?"

Nilisimama. "Mwalimu, hiyo si list niliandika." Nzioki hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Si wewe ndiye ulitype?" aliniuliza. "Ama kuna mtu mwingine hapa anajua hii mashine kama wewe?" Akainua karatasi juu, akaizungusha watu waione. "Ndugu, angalieni wenyewe. Kuna mahali imefutwa? Kuna mahali imekwaruzwa?" Karatasi ilikuwa safi. "Mbithe, keti," mchungaji akasema. "Hapa ni nyumba ya Mungu." Niliketi. Miaka yote hii najiuliza kwa nini niliketi. Nilikuwa na miguu miwili na sauti, na niliketi kwa sababu niliambiwa.

Nje, chini ya ukuta wa kanisa, Kalekye alikuja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele. "Nilibeba hiyo betri na mgongo yangu, Mbithe," alisema. "Kila Saturday. Ndio unifute nayo?" Nilianza kueleza, na nikaona usoni pake kwamba maelezo yangu ni maneno ya mashine tu, na kwamba mtu pekee anayejulikana kijijini kuijua mashine ni mimi. Wengine walikuwa wameniangalia vile vile. Jioni hiyo hakuna aliyekuja kuchambua mbaazi. Mama Syombua alinipakulia chakula kama siku zote, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza swali moja. "Ni wewe?" "Si mimi, Mwaitu." "Kula," akasema. Sikujua kama ameniamini. Nilikula nikilia, na chumvi ya machozi ikaingia kwenye chakula.

Jumatatu, Nzioki akiwa shuleni, nilimwomba mchungaji anifungulie ofisi. Niliamsha mashine, nikaiambia ionyeshe vilivyomo kwenye diski. Kila kitu nilichoandika mimi kilikuwa na tarehe yake ya kweli. Orodha ilikuwa na tarehe mosi Januari mwaka wa themanini, saa sita usiku na dakika arobaini na moja. Nilijua mara moja ninachokiona. Mtu aliiamsha mashine, akabonyeza kitufe kikubwa bila kuandika tarehe, na dakika arobaini na moja baadaye akahifadhi kazi yake akaondoka. Misimu mitatu ya kiangazi, wanawake kumi na tisa, dakika arobaini na moja. Nilimweleza mchungaji. Alitazama skrini, akacheka kwa upole. "Mwaka wa themanini mimi nilikuwa hata sijaokoka. Sasa unaniambia hii list iliandikwa wakati huo?" "Hiyo si tarehe, Mchungaji. Ni alama ya mtu ambaye haandiki tarehe." Akafikiri, kisha akaniuliza. "Na wewe ukitaka kumwekelea mtu makosa, unashindwa kuacha kuandika tarehe?" Akaizima mashine mwenyewe, akaifunika kitambaa.

Nilirudi nyumbani nimepandwa na hasira hata njia siioni, nikamwambia Mama Syombua yote. Habari za tarehe zilimpita, naye hakujifanya kuelewa. Lakini aliposikia kwamba daftari ndilo lingesema ukweli, alinikatiza. "Daftari ulichoma," alisema. "Mstari hukuchoma." Alhamisi, siku ya kazi, aliwaita wanawake wote silangani, waliosomwa na wasiosomwa. Akasimama juu ya ukingo akasema, "Kila mtu asimame mahali pake." Ilichukua nusu siku. Walisukumana, wakabishana, wakakumbushana. "Wewe ulikuwa mkono yangu ya kulia mpaka ukajifungua, hapo ndio Ndunge akaingia." "Hapana, Ndunge alikuwa juu, kwa mawe." Mimi nilitembea kando yao na karatasi na biro, nikiandika, nikikata, nikiandika tena. Yule mke wa mzee wa kanisa alikuja akajaribu kusimama karibu na katikati. Aliyekuwa kushoto akasema, "Hapa kuna mtu," na aliyekuwa kulia akasema, "Hata hapa." Akasogea, akaambiwa vile vile, akasogea tena, hadi akafika mwisho wa mstari kwenye majani, akafungua mwavuli wake akaenda zake. Walipotulia walikuwa themanini na wanne, hakuna pengo. Kalekye alikuwa chini kabisa shimoni, mahali karai lilipojazwa, mahali pazito kuliko pote. Nilipofika kwake alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Andika," alisema. "Na uandike vizuri." Nilikandamiza biro mpaka karatasi ikatoboka.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Mimi na Mama Syombua tulienda Machakos kwenye ile ofisi ya maji, na tukapokewa na kijana mwenye tai. Aliweka orodha mbili mezani. Moja ilikuwa imechapishwa, safi, kila jina mahali pake. Nyingine ilikuwa yangu, ya mkono, yenye mikato na mishale na alama za vidole vyenye udongo. "Mama, mimi nielewe aje?" alisema. "Hii yenu imefutwa-futwa. Hii ingine ni ya computer." Mama Syombua aliweka viganja vyake juu ya meza, vimefunuliwa, na kijana akasogeza kikombe chake cha chai ili kisimwagike. Tulirudi mlimani na karatasi yetu. Mabomba yalivutwa kama orodha safi ilivyosema. Wale kumi na tisa waliruhusiwa kuchota kwenye bwawa lenyewe, upande wa ng'ombe.

Kalekye alivumilia miezi miwili, kisha kaka yake akamwambia kwamba mwanamke asiye na mfereji hana sababu ya kukaa pale. Alienda Ikutha kwa dadake. Nilimkuta njiani, watoto mbele, mzigo mgongoni kwa ule ukanda, na tundu la leso likionekana. Wakati huo tulikuwa tumeshapatana, lakini hakusimama. "Unisalimie mashine," alisema, akapita. Sikumwona tena. Mimi niliondoka mlimani mwisho wa mwaka. Nimefundisha kompyuta Kitui kwa maisha yangu yote ya kazi, na somo langu la kwanza kwa kila darasa lilikuwa tarehe. Wanafunzi walidhani ni wazimu wa mwalimu tu. Mama Syombua alikufa bado ana mfereji wake, na kila asubuhi hadi alipokufa aliwafungulia wenzake lango waje wachote kwake. Nzioki alistaafu, akawa mzee wa kanisa, akawa mtu aliyeleta kompyuta.

Basi niliiandika ile eulogy. Niliandika alikozaliwa, shule alizofundisha, watoto na wajukuu. Nilipofika mstari wa tatu niliweka kidole juu ya kitufe. Ingekuwa kazi ya sekunde moja kuuondoa, na asingejua mtu. Niliona kwamba hivyo ndivyo angefanya yeye, nikaondoa kidole. Niliuacha mstari kama Mutinda alivyoutuma, kisha chini yake nikaongeza: "Silanga lilichimbwa na wanawake themanini na wanne. Kumi na tisa kati yao hawakupewa mfereji. Nao ni hawa." Nikatoa ile karatasi yangu ya biro, nikaandika majina kumi na tisa, kwa mpangilio wa mstari wao, kutoka ukingoni hadi shimoni, la mwisho likiwa Kalekye. Sikumtumia Mutinda kwa simu ili aipitie. Niliipeleka mwenyewe ikachapishwe, na siku ya mazishi nikapanda mlimani na boksi la vijitabu nimelipakata, nikavigawa kwa mkono wangu.

Msomaji wa eulogy alikuwa kijana wa kanisa asiyejua lolote, na alisoma kwa kasi, kama wanavyosoma. Alikuwa amefika jina la tano kabla watu hawajatambua anasoma nini, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza hakujua namna ya kuacha. Wazee waliokuwa viti vya mbele walitazama chini. Nyuma, upande wa akina mama, kila jina lilipotajwa, sauti moja ya kizee iliitikia kwa Kikamba, "Ĩĩ." Ndiyo. Hadi la kumi na tisa.

Mutinda alinifikia baada ya mazishi, nyuma ya jikoni la babake, watu wakiwa wamepanga foleni ya chakula. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kijitabu mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. "Auntie, hawa akina mama ni akina nani? Sisi hatukukutumia hizi majina."

"Hiyo maji umeshika umetoa wapi?"

"Si hapa kwa mfereji," alisema, akionyesha kwa kijitabu. "Ya Baba."

"Basi ndio hao."

Alisoma majina tena, midomo ikicheza, kisha akakitazama kikombe, asijue akinywe au akimwage.